Pistoni ya Sabini na Tano

Jumapili, tarehe 3 Agosti

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Shule imefungwa juzi, na naanza barua hii kwa kuahidi kwamba nitakueleza kila kitu, hata yale yatakayonifanya nionekane mjinga, kwa sababu bila hivyo hutaweza kunisaidia. Huko kambini kwenu mnakojenga barabara hakuna mtandao, kwa hiyo itabidi tutegemee gari la vifurushi. Linapanda kwenu Jumatatu na Alhamisi, na kushuka kesho yake. Nimeshazungumza na dereva. Amesema barua atabeba, mradi nisimpakize injini nzima.

Ni kuhusu Bata. Pikipiki ile ya magurudumu manne ya kituo, ambayo Mama anazungukia mashamba kutibu mifugo, iko taabani. Inatoa moshi wa buluu mpaka watu wanaziba pua kabla haijawafikia. Chupa nzima ya oili inaisha kati ya shamba moja na jingine. Jumanne iliyopita ilishindwa kupanda kilima, Mama akashuka akaisukuma, na upande wa pili ng'ombe alikuwa amekwama anazaa. Mama alifika amechelewa. Ndama hakupona. Nimeahidi kusema yote.

Sasa limekuja jambo kubwa zaidi. Ofisi kuu imeandika kwamba kituo chochote cha mifugo kisicho na chombo kizima kitafungwa na kuunganishwa na cha mjini. Mkaguzi anakuja tarehe 27. Bata asipopanda kilima siku hiyo, Mama atahamishiwa mjini kugonga mihuri kwenye vibali vya nyama. Unamjua dada yako. Mtu aliyezoea kuingiza mkono mzima ndani ya ng'ombe huwezi kumkabidhi muhuri.

Fundi wa mjini alisema injini itupwe, iletwe mpya. Ofisi ikajibu haina mpya. Basi nimekisoma kitabu cha maelezo cha Bata mara tatu, na naamini injini inaweza kufufuliwa: silinda ichongwe upya, pistoni inayopanda na kushuka ndani yake, na ringi zinazoizunguka, zibadilishwe. Jana nilimwambia Mama akiwa anaosha mabuti.

"Nani ataifungua?" akauliza.

"Mimi."

"Wewe? Wewe unayeosha kalamu?"

Ni kweli, Mjomba, niliwahi kuosha kalamu. Nikamwambia kwamba utanifundisha kwa barua. Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Halafu akaitazama Bata, akasema, "Fungua. Ilipofikia, huwezi kuiharibu zaidi. Ila ukimaliza ukabaki na nati mkononi, utaimeza mbele yangu."

Nimeruhusiwa! Nina siku ishirini na nne na seti ya spana uliyomwachia Mama. Niambie nianzie wapi.

Mpwa wako,
Karani

*

Kambini, Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Marahaba, Karani.

Dereva amenikuta chini ya greda, oili inanidondokea sikioni, na barua yako nimeisoma hapo hapo nikiwa nimelala chali. Msimamizi alinivuta miguu akidhani nimezirai.

Tutaifufua. Na safari hii ule ugonjwa wako wa kuandika kila kitu, uliokupa hilo jina, ndio utakaotuokoa. Chukua ubao wa boksi, chora umbo la injini, na kila bolti unayofungua ichomeke pale pale ilipotoka kwenye mchoro. Zina urefu tofauti. Ukizichanganya utatoboa kitu. Fuata mpangilio huu: tangi, kabureta, ekzosi, kichwa cha injini, mwisho silinda. Kabla ya kugusa cheni ya ndani, zungusha injini polepole mpaka alama mbili zikutane, kisha uzichore jinsi ulivyoziona. Ukishainua silinda, ziba tundu lililobaki chini kwa kitambaa safi. Kitu kikitumbukia humo tutalia wote wawili, wewe huko na mimi huku.

Bolti zitakuwa ngumu sana, maana injini hiyo haijawahi kufunguliwa tangu itoke kiwandani. Zimwagie mafuta ya taa uziache zilowe siku nzima.

Ndani ya kifurushi hiki kuna pistoni, ringi zake na gasketi. Vilikuwa sandukuni kwangu. Mpelekee mkereza vyuma wa nyuma ya soko, silinda na pistoni pamoja, aichonge silinda ilingane na pistoni hiyo, si nyingine. Mama yako akiuliza, mwambie nimeipata tu mahali.

Na chakula ule kwa wakati. Najua ukishika kitabu husikii njaa.

Mjomba wako

*

Jumatano, tarehe 13 Agosti

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. NIMEIFUNGUA! Najua mwalimu wetu hapendi herufi kubwa katikati ya sentensi, lakini hakuwepo.

Ilinichukua siku tano. Nimetandika shuka kuukuu kwenye chumba cha dawa, kati ya jokofu la chanjo na mzani wa mbuzi, na injini imelala katikati. Bolti zote thelathini na moja ziko kwenye boksi langu, kila moja mahali pake. Mama akirudi kutoka mashambani ananiamkia mlangoni, "Hodi, daktari, mgonjwa anaendeleaje?" Nami namjibu kwamba tumbo liko wazi lakini hali ni nzuri.

Sasa nina maswali. Ulisema bolti zitakuwa ngumu. Zilifunguka vizuri, nyingine kwa mkono mmoja. Halafu nilipoitoa pistoni ya zamani, nikaifuta masizi, niliona juu yake imepigwa chapa ya namba 50. Yako mpya ina namba 75. Nikaenda na zote kwa mkereza vyuma. Alizigeuzageuza chini ya taa yake.

"Nani aliifungua hii kabla yako?" akaniuliza.

"Hakuna. Haijawahi kufunguliwa."

"Binti, pistoni ya kiwandani haina namba. Silinda ikilika ukaichonga, unaweka pistoni nene kidogo. Kwanza ishirini na tano, kisha hamsini, kisha sabini na tano. Humu imo hamsini. Mtu keshaingia akatoka. Na huyu aliyekutumia ya sabini na tano alikuwa anajua."

"Labda Mjomba alibahatisha."

Akanitazama juu ya miwani. "Mafundi hawabahatishi pistoni. Wanabahatisha ndoa."

Kijiwe kizima kilicheka, na mimi nilicheka, lakini njiani nikaanza kuwaza. Mjomba, ulijuaje? Sijamuuliza Mama. Yeye husema kila mara kwamba Bata aliharibiwa na yeye mwenyewe, kwa kumpakiza magunia ya chumvi ya mifugo mwaka ule wa ukame. Hata juzi alipita akaipigapiga ile silinda akasema, "Samahani, mama. Nilikubebesha."

Mkereza atanipa silinda kesho kutwa. Mikono yangu haitakati hata kwa sabuni ya kufulia, na unajua nilivyo, lakini safari hii najivunia.

Mpwa wako,
Karani

*

Kambini, Alhamisi, tarehe 14 Agosti

Marahaba, Karani.

Kazi nzuri. Kazi nzuri sana. Boksi la bolti nimewasimulia wenzangu wote hapa, na mmoja ameanza kulitumia.

Sasa sikiliza sehemu ya kufunga. Ringi zina herufi ndogo upande mmoja. Herufi itazame juu. Mianya ya ringi, pale ncha zake zinapokaribiana, isikae kwenye mstari mmoja, itawanye. Mshale ulio juu ya pistoni uelekee upande wa ekzosi. Paka oili mpya kila kinachosuguana. Bolti za kichwa cha injini zikaze kwa kukatisha, moja huku, inayofuata ng'ambo yake, mizunguko mitatu, kila mzunguko ukiongeza nguvu kidogo. Alama za cheni ziwe kama ulivyozichora. Ukiwa na shaka hata ya unywele mmoja, rudia.

Na usafi! Silinda ikitoka kwa mkereza huwa imejaa vumbi la chuma. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni, ifute, uioshe tena, mpaka kitambaa cheupe kikiingia kitoke cheupe. Hapo sina wasiwasi na wewe.

Honi ya kazi imelia. Naishia hapa.

Mjomba wako

*

Jumapili, tarehe 17 Agosti

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hukujibu swali langu, lakini labda honi ililia vibaya. Nitakueleza ya huku kwanza, maana moyo wangu unapiga kama injini yenyewe!

Silinda ilikuja Ijumaa. Ukubwa ulikuwa sawasawa kabisa. Pistoni iliteleza ndani bila kutikisika. Lakini mkereza, samahani kusema, alikuwa ameiacha na mikwaruzo. Ukuta wote wa ndani ulikuwa na mistari myembamba iliyokatana kama wavu. Niliosha kwa maji ya moto mara nne na haikutoka. Sikutaka kumsengenya mzee wa watu, kwa hiyo nilifanya mwenyewe. Nilianza na msasa laini kabisa, nikamalizia na dawa ya meno na kitambaa, saa tatu mfululizo. Sasa imekuwa kioo. Nimejiona sura ndani yake! Kitambaa cheupe kilitoka cheupe kuliko kilivyoingia.

Nikafunga kila kitu kama ulivyosema. Herufi juu, mianya mbalimbali, mshale kwenye ekzosi. Haikubaki nati hata moja, na Mama alikuja kukagua viganja vyangu vyote viwili.

Naacha kalamu. Tunakwenda kuwasha.

Saa kumi na nusu. IMEWAKA! Mara ya tatu tu! Ilinguruma mpaka mbuzi wawili waliokuja kudungwa sindano walikata kamba, na mwenye mbuzi akawa anakimbia huku akipiga makofi. Mama alinishika mabega kwa nguvu, bado nasikia vidole vyake.

Moshi upo. Ni wa buluu, lakini nadhani ni ile oili niliyopaka wakati wa kufunga, inaungua iishe. Tumeiacha iwake nusu saa. Bado upo. Mama aliutazama kwa muda, halafu akasema ana kazi ndani. Nilimkuta anapanga vitabu vyake kwenye boksi. Akasema anapunguza vumbi tu.

Ni ile oili, sivyo?

Mpwa wako,
Karani

*

Kambini, Jumatatu, tarehe 18 Agosti

Karani mwanangu,

Zima injini. Usiiwashe tena hata dakika moja. Hujaharibu kitu kisichotengenezeka, basi vuta pumzi, kaa chini, ndipo usome.

Ile mistari haikuwa mikwaruzo. Mkereza aliiweka makusudi, na ni sehemu ya mwisho ya kazi yake. Oili inajificha ndani ya mistari ile, na ringi mpya zinajisugua juu yake mpaka zikae sawa na ukuta. Ukuta ukiwa kioo, ringi zinateleza tu, hazizibi, oili inapanda juu inaungua. Huo ndio moshi wako. Kosa ni langu. Nilikuambia usafishe, nikasahau naongea na nani. Mwanafunzi mvivu asingekosea hapo, angekosea kwingine kumi.

Fungua tena. Mrudishie mkereza aweke mistari upya. Ni kazi ya saa moja. Osha kwa sabuni na maji, basi, usiguse kingine. Nimekuwekea seti nyingine ya ringi, maana hizo tayari zimeteleza. Siku tisa zinatosha. Mara ya pili mikono inakumbuka.

Sasa swali lako. Uliniuliza kwa uaminifu nami nikajificha nyuma ya honi. Wewe umeniandikia hata habari ya dawa ya meno, na mimi mtu mzima nimeshindwa kuandika mstari mmoja.

Aliyefungua injini ile ni mimi. Miaka minane iliyopita, nimetoka chuoni wiki hiyo hiyo, cheti bado kina harufu ya wino. Mama yako alikwenda semina siku sita. Bata alikuwa anagonga kidogo tu. Nikataka akirudi amkute mpya. Nikaweka pistoni ya hamsini, na kazi ilikuwa nzuri, Karani, nakuapia. Lakini injini mpya lazima izoezwe, polepole, mpaka ringi zikae. Nilijua hivyo. Tulifundishwa hivyo. Na siku ile ile nilipomaliza wenzangu wakaniambia, "Haya fundi, tuone," nikaifungulia mwendo wote mpaka machimbo ya mawe na kurudi. Ringi zikaungua. Moshi ulianza wiki iliyofuata. Mama yako karudi, kapakia chumvi yake, kaona moshi, akajitwisha lawama mwenyewe. Nikanyamaza. Mwezi uliofuata nikanunua pistoni ya sabini na tano nije nirekebishe, ikalala sandukuni miaka yote hii, kwa sababu kuifungua kungehitaji kumweleza.

Sasa wewe ndiye unayeiweka. Mzoeze Bata taratibu siku tatu: usikaze mwendo, usiache iwake bure imesimama, badilisha mwendo, pumzisha, rudia.

Na usimwambie mama yako bado. Nitatafuta namna.

Mjomba wako

*

Jumatano, tarehe 27 Agosti

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naandika haraka kwa sababu kesho gari linapanda!

Barua yako niliisoma nimekaa juu ya kizingiti, na nilipofika kwenye habari ya mistari ya silinda nililia kidogo, halafu nikaenda kwa mkereza hivyo hivyo na macho mekundu. Nilimweleza yote. Aliinusa silinda.

"Dawa ya meno," akasema. "Nimechonga silinda miaka thelathini, hii ndiyo ya kwanza kunukia vizuri."

Aliiweka mistari upya mbele ya macho yangu, akanionyesha jinsi chombo chake kinavyopanda na kushuka, na akakataa hata nimwombe radhi. Mara ya pili nilifunga kwa siku mbili na nusu. Jumamosi ikawaka kwa mara ya kwanza. Moshi ulitoka kidogo, ukapungua, na Jumatatu jioni Mama aliweka leso nyeupe nyuma ya ekzosi, akahesabu mpaka mia, akaigeuza. Ilikuwa nyeupe. Alitoa vitabu vyake kwenye boksi, kimoja kimoja, akavirudisha rafuni.

Leo mkaguzi alikuja. Ni mama mmoja mrefu, hacheki, ana kalamu tatu mfukoni. Alikuwa ndiyo kwanza anaketi, simu ya Mama ikalia: ng'ombe anazaa ng'ambo ya kilima, miguu ya ndama imetangulia vibaya. Mama akamwambia, "Ukitaka kukagua, panda nyuma." Na akapanda, Mjomba, na sketi yake ya ofisini! Nilibaki getini. Niliwaona wakianza kilima. Nilikuwa nimebana meno mpaka taya zikauma. Bata hakupunguza hata kidogo. Alipanda moja kwa moja akatokomea upande wa pili, na nikawa naruka peke yangu barabarani kama mwehu.

Walirudi baada ya saa mbili wote wamejaa tope. Ndama ni jike, anasimama. Mkaguzi ana damu kwenye mkono wa shati na alikuwa anacheka! Akasema kituo kinabaki. Akaniuliza ni nani ameifanya injini, Mama akaninyooshea kidole, na yule mama akanipa kalamu yake moja kati ya zile tatu. Ndiyo hii ninayoandikia.

Lakini sijamaliza.

Ameacha fomu ya chombo, kurasa mbili, ijazwe. Mama aliniambia niijaze mimi kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Tulikwenda vizuri mpaka mstari wa kumi na nne: Injini ilichakaa kwa sababu gani? Kuna visanduku vitatu. Umri. Matengenezo mabaya. Uzembe wa mtumiaji.

"Weka alama kwenye uzembe wa mtumiaji," Mama akasema.

"Mama, si kweli."

"Ndiyo kweli. Nilimpakiza magunia. Miaka minane najua. Andika."

Nimesoma maelezo yaliyo nyuma ya fomu, yale ya herufi ndogo. Mtumiaji mzembe haruhusiwi kukabidhiwa chombo cha ofisi tena. Kituo kitabaki, Bata atabaki, lakini ataletwa daktari mwingine kumwendesha. Nilimsomea Mama. Akasema uongo hauandikwi kwenye karatasi ya serikali kwa ajili ya kujinusuru, na akatoka kwenda kuosha mabuti.

Mjomba, mimi najua kisanduku sahihi ni cha matengenezo. Lakini chini yake kuna nafasi ya jina la aliyetengeneza, tarehe, na sahihi yake. Siwezi kukuwekea sahihi. Na siwezi kumwacha Mama aweke ya kwake mahali pasipo pake. Nimemwambia naandika kwanza barua, fomu nitaimalizia baadaye, na fomu nimeikalia, nipo juu yake sasa hivi.

Sina hasira na wewe. Nilipoharibu silinda hukunikaripia hata kwa neno moja, ulinitumia ringi. Mama ataudhika, nakuambia ukweli, labda atakurushia buti. Nitasimama karibu nilidake.

Mkaguzi amekwenda kwenye vituo vingine na atapita kuchukua fomu Ijumaa saa tisa alasiri. Gari la vifurushi linafika hapa Ijumaa saa sita. Nimemuuliza dereva: kiti cha mbele, kando yake, hakina mtu.

Je, Mjomba, utakuwa umekikalia?

Mpwa wako,
Karani